Safari Iliyofichwa Viambatishoni: Kusoma Umbo la Tasnifu Kutoka Nanganga

Anayetaka kujua tasnifu ya uzamili ilipatikanaje asianzie kwenye ikisiri. Afunue nyuma kabisa, baada ya marejeleo, kwenye viambatisho. Huko atakuta barua. Ya kwanza imetoka chuoni, inamtambulisha mwanafunzi na kuomba apewe ushirikiano. Inayofuata imetoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, nyingine wilayani, na pembeni mwa nakala mara nyingi kuna mistari ya kalamu: mtendaji wa kata anamwagiza mtendaji wa kijiji ampokee mgeni. Mihuri imekaa upande, mingine imekolea wino, mingine haisomeki. Kila mhuri una tarehe yake. Ukizipanga hizo tarehe unapata kisa kizima: mtu katoka Dar es Salaam, kafika Mtwara, kasubiri saini ya ofisa aliyekuwa kikaoni, kapanda gari la Masasi, kashuka Nanganga.

Naitaja Nanganga kwa sababu ya mahali ilipo. Iko chini ya Uwanda wa Makonde, karibu na mpaka wa mikoa ya Lindi na Mtwara, pale barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi. Anayetoka Lindi kwenda Ndanda au Masasi, au anayezunguka apande Newala, hupita hapo. Ni mahali pa kushuka na kuuliza njia. Na habari ya kushuka na kuuliza njia ndiyo ambayo tasnifu zetu zimejifunza kutoisema.

Tuifungue Sura ya Tatu, ile iitwayo "Mbinu za Utafiti". Mpangilio wake mwanafunzi wa uzamili anaweza kuukariri usingizini: usanifu wa utafiti, eneo la utafiti, kundi lengwa, sampuli, usampulishaji, mbinu za kukusanya data, uchambuzi wa data, maadili ya utafiti. Aya zake nazo zina sura moja. Mfano ufuatao nimeutunga mwenyewe, lakini msomaji aliyewahi kukaa na rafu ya tasnifu ataitambua sauti yake:

"Data za utafiti huu zilikusanywa kwa njia ya usaili. Kwa mujibu wa mtaalamu fulani, usaili ni mazungumzo ya ana kwa ana baina ya mtafiti na mtafitiwa. Mbinu hii humwezesha mtafiti kupata taarifa za kina. Jumla ya watafitiwa ishirini waliteuliwa kwa kutumia usampulishaji lengwa."

Sentensi ya kwanza iko katika hali ya kutendwa, na mtendaji hayupo. Data zilikusanywa, kama embe zilizodondoka zenyewe. Ya pili ni fasili, na huyo mtaalamu fulani aghalabu ni Kothari, yule Mhindi ambaye kitabu chake cha mbinu za utafiti, hasa toleo la 2004, kimezunguka vijiji vya Tanzania kuliko mgombea ubunge yeyote. Ya tatu imebebwa na "hu-", kiambishi kisicho na siku wala mwaka wala mtu. Usaili humwezesha mtafiti. Mtafiti gani, lini, akiongea na nani, haijulikani. Sentensi hizo mbili za katikati unaweza kuzihamishia kwenye tasnifu ya wavuvi wa Tanga au ya wachimbaji wa Geita na hakuna atakayegundua. Ya nne ndiyo pekee inayogusa ardhi, nayo inagusa kwa kidole kimoja: watu ishirini, waliteuliwa. Na nani?

Mtu yeyote aliyefanya kazi vijijini anajua jibu. Mtendaji alipiga simu. Mwenyekiti wa kitongoji akataja watu anaowaamini, na waliokuwa karibu na ofisi wakaja. Hilo si kosa. Mgeni angefanyaje? Lakini ni jambo la kimbinu, zito kuliko fasili zote zilizolitangulia, kwa sababu linaamua ni sauti za nani zitakazoingia Sura ya Nne, ile ya matokeo. Mwanamke mwenye ugomvi na mwenyekiti hakuitwa. Kungwi anayeishi ng'ambo ya pili ya korongo hakuitwa. Umbo la aya limewafuta kabla hawajatokea, na limefanya hivyo kwa herufi moja tu, ile "w" ya kutendwa.

Kuna alama nyingine ndogo ninayopenda kuitafuta: njeo ya wakati ujao iliyosahauliwa. Mwanafunzi aliandika pendekezo la utafiti akisema "mtafiti atatumia hojaji". Aliporudi kutoka uwandani alipaswa kugeuza kila "-ta-" kuwa "-li-". Mara nyingi moja au mbili humponyoka, na msimamizi huzizungushia wino mwekundu kama makosa ya uchapaji. Mimi nazisoma kama ushahidi. Zinaonyesha kwamba sura iliandikwa kabla ya safari, na safari haikubadilisha kitu ndani yake isipokuwa kiambishi cha njeo. Kama mpango ulitimia neno kwa neno huko Nanganga, basi ama mtafiti ana bahati isiyo ya kawaida, ama kilichotokea kimeachwa nje.

Wanaotumia takwimu wana fumbo lao. Tuseme kijiji kina watu 1,200. Mwanafunzi anachukua kanuni ya Yamane ya 1967, anaweka kiwango cha kosa cha asilimia 10, anagawanya 1,200 kwa 13, anapata sampuli ya watu 92. Hesabu ni safi. Aya inayofuata inasema watu hao 92 waliteuliwa kwa usampulishaji lengwa. Aya mbili zilizokaa mlango kwa mlango hazisalimiani: kanuni ya aya ya kwanza ina maana pale tu kila mwanakijiji alipokuwa na nafasi ya kuchaguliwa kwa nasibu, na ya pili inakiri kwamba haikuwa hivyo. Kwa nini mwandishi haoni? Kwa sababu umbo halimtaki afikiri kutoka 3.4, ya sampuli, kwenda 3.5, ya usampulishaji. Linamtaka ajaze 3.4, kisha ajaze 3.5.

Sehemu ya eneo la utafiti ndiyo inayonikera zaidi, pengine kwa kuwa ndiyo ingekuwa tamu kuliko zote. Tunapewa latitudo na longitudo, mipaka ya wilaya kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa ya 2022, na sentensi moja kwamba wakazi wengi ni wakulima wa korosho. Kisha tunahama. Lakini korosho si pambo la eneo, ni kalenda yake. Oktoba na Novemba watu wako mashambani wakiokota, au wako kwenye chama cha msingi wakisubiri mzigo upokelewe ghalani, au wanangojea malipo ya mnada. Mtafiti aliyefika miezi hiyo atakutana na wazee, wagonjwa na watoto, au atasaili watu wenye haraka. Aliyefika kiangazi, baada ya mavuno ya chakula, msimu wa jando na unyago, atakuta kijiji kingine kabisa, chenye wageni, ngoma na fedha zinazozunguka. Swali ni lilelile, dodoso ni lilelile, majibu si yaleyale. Hata hivyo longitudo ndiyo inayopewa nafasi.

Basi mtu mwenyewe yuko wapi katika kazi hii? Yuko kwenye Shukurani. Ni ukurasa wa ajabu, ukurasa pekee wenye "mimi". Hapo mtafiti aliyeitwa "mtafiti" kurasa mia moja anageuka kuwa mtoto wa fulani na mume au mke wa fulani. Anamshukuru mwenyeji aliyempa chumba. Anamshukuru mwalimu wa shule ya msingi "kwa msaada mkubwa wakati wa kukusanya data". Simama hapo. Msaada gani? Mara nyingi ni tafsiri. Bibi aliongea Kimakonde au Kimakua, mwalimu akageuza kwa Kiswahili, mtafiti akaandika, na kama tasnifu ni ya Kiingereza, maneno yale yakavuka mto mara ya pili. Anayesoma Sura ya Nne anadhani anamsikia bibi. Anamsikia mwalimu, ambaye hakutajwa katika Sura ya Tatu hata mara moja. Habari yake iko kwenye kurasa za namba za Kirumi, baina ya tabaruku na orodha ya majedwali.

Ukijumlisha, tasnifu ina kingo mbili zinazosema: mbele Shukurani, nyuma barua zenye mihuri. Katikati, kwenye sura zenye namba, ambako mtahini anatoa alama, njia imezibwa.

Kusini kwetu kuna mfano wa zamani unaoonyesha kwamba si lazima iwe hivyo, japo si mfano wa kuigwa kwa kila hali. Mwaka 1906 Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alitumwa kufanya utafiti katika koloni la Wajerumani. Mpango wake ulikuwa kaskazini. Vurugu za Iraku, hukohuko kaskazini, zikamgeuza, akapelekwa nyuma ya Lindi. Alifuata bonde la Lukuledi hadi Masasi, akakaa Chingulungulu kwa chifu Matola, akapanda Newala, akamalizia Mahuta. Mwaka 1908 alitoa kazi mbili kuhusu safari hiyohiyo. Moja ni ripoti ya kitaalamu iliyopangwa kwa mada. Nyingine ni kitabu cha wasomaji wa kawaida, *Negerleben in Ostafrika*, ambacho Alice Werner alikifasiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata.

Hiki cha pili kina umbo la barua. Sura zake nyingi zinafunguliwa kwa mahali na tarehe: Lindi, Masasi, Chingulungulu, Newala. Hilo tu linabadilisha kila kitu. Msomaji anaona mpango wa kwanza ukivunjika, anaona mwandishi akijifunza kazi huku akiifanya, anamwona na fonografu yake, kamera yake ya picha za sinema, wapagazi na askari wake. Anapowapa watu penseli na karatasi wachore, mchoro unakuja na jina la mchoraji. Pesa Mbili, mnyapara wa msafara, anatambulika kwa mkono wake. Na kwa kuwa askari wako ndani ya kisa, msomaji anaweza kuuliza ambalo Weule mwenyewe haliulizi vya kutosha: mwaka mmoja baada ya misheni ya Masasi kuchomwa katika vita vya Maji Maji, mtu aliyeitwa mbele ya Mjerumani mwenye bunduki nyuma yake alikuwa na uhuru gani wa kukataa kujibu?

Kitabu kimejaa dharau ya enzi yake, na sina haja ya kuipamba. Ninachosema ni kwamba umbo lake linatupa silaha ya kumpinga mwandishi wake. Tasnifu ya leo, iliyoandikwa na mtu mwenye heshima kubwa zaidi kwa wanakijiji, haitupi. Hata ule mnyororo wa barua za mkoa, wilaya na kata ni mamlaka yanayotangulia mlangoni kabla ya mtafiti, na bibi wa Nanganga anaufahamu vizuri mno.

Ugonjwa huohuo uko katika Sura ya Pili, ile ya mapitio ya maandiko, nitaupitia haraka. Mwanafunzi anayeandika kuhusu jando na unyago wa Masasi atawapanga watangulizi kwa mwaka: Weule 1908, Harries 1944, Ranger 1972. Kila mmoja anapata aya, kila aya inaishia na pengo la utafiti. Lakini Lyndon Harries, aliyeandika kuhusu jando na unyago wa Wamakonde, alikuwa mmisionari katika dayosisi ya Masasi, chini ya Askofu Vincent Lucas aliyetaka jando lipewe sura ya Kikristo. Na Terence Ranger, katika makala yake ya 1972, aliichunguza Masasi hiyohiyo ya Lucas. Hawa si watu watatu kwenye foleni ya benki. Mmoja ni sehemu ya kile anachokichunguza mwingine. Mapitio yanayowatenganisha kwa aya yanamficha msomaji uhusiano wao, halafu yanadai kuwa pengo limeonekana.

Msimamizi atanijibu, na hoja yake ina uzito. Mwanafunzi wake ni mwalimu wa sekondari Newala, anasoma Chuo Kikuu Huria, anaandika usiku baada ya kusahihisha madaftari. Vichwa vya 3.1 mpaka 3.8 vinamshika mkono. Ukimwambia asimulie, ataandika porojo kuhusu basi lililoharibika. Isitoshe, ukimtaja mtendaji aliyechagua wasailiwa, umewaweka hadharani watu walioahidiwa siri.

Hoja ya mwisho ndiyo ngumu. Katika kijiji kidogo chenye mtendaji mmoja, kusema "mtendaji" ni sawa na kutaja jina. Lakini barua yenye jina lake, saini yake na namba yake ya simu tayari imebandikwa kwenye kiambatisho, na nakala iko maktaba na mtandaoni. Siri hiyo haikulindwa na umbo la sasa. Imevuja mahali ambapo haimsaidii msomaji kitu. Ingekuwa afadhali kufuta namba na saini huko nyuma, kisha kuandika katika 3.5: "Wasailiwa 14 kati ya 20 walipendekezwa na uongozi wa kijiji, sita niliwapata mwenyewe sokoni na kwenye nyumba nilikofikia, wawili kati ya hao sita walipinga waliyoyasema wale 14 kuhusu ada ya unyago."

Sentensi hiyo nayo nimeitunga. Haina basi lililoharibika, haina fasili, na kitenzi "niliwapata" kina mwenyewe. Mtahini wa nje akiisoma atakuwa na swali la kuuliza siku ya utetezi: hao wawili walisema nini?