Baridi ya Boston, na hadithi tunayoisimulia vibaya

Kila mwanzo wa mwaka kuna hadithi moja inarudi mu simu zetu. Wiki iliyopita niliipokea mara tatu, mara moja ikiwa na muziki wa huzuni chini yake. Munaijua: ni marathon ya Boston, tarehe 16 Aprili 2018. Mvua na upepo vinapiga, mabingwa wa kulipwa wanaacha njiani, na mfanyakazi wa serikali kutoka Japani, mtu anayefanya mazoezi nje ya saa za kazi, anawapita wote. Mwisho wake unaandikwa kwa herufi kubwa: MOYO UNASHINDA HALI YA HEWA.

Miye naipenda hii hadithi, ndiyo maana inaniuma namna inavyosimuliwa.

Mambo yenyewe ni ya kweli. Yuki Kawauchi, aliyekuwa anafanya kazi ya ofisi katika shule moja ya Saitama, alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58. Mjapani wa mwisho kushinda Boston kwa upande wa wanaume alikuwa Toshihiko Seko, mwaka 1987. Kwa wanawake alishinda Desiree Linden wa Marekani kwa 2:39:54, na nyuma yake akaja Sarah Sellers, muuguzi, kwa 2:44:04. Huyu alipofika hakujua hata kama ni wa pili. Wakimbiaji wengi wa kulipwa waliacha mbio. Hakuna kilichobuniwa hapo. Kasoro iko kwenye lile neno «moyo», ambalo linabeba mzigo wote peke yake.

Tuanze na baridi, maana hata hiyo inasemwa vibaya. Asubuhi ile ilikuwa kama nyuzi 3 au 4. Kwetu Bukavu nyuzi 4 ni habari ya friji, lakini kwa mtu anayekimbia kilomita 42 baridi kavu ya namna hiyo si adui mkubwa, kuna wengi wanakimbia vizuri ndani yake. Kilichoharibu ile siku ni maji na upepo pamoja. Njia ya Boston inatoka Hopkinton kuelekea mashariki, na upepo ulikuwa unatoka huko huko mashariki, usoni kabisa. Nguo ikilowa na upepo ukipita juu yake, joto la mwili linatoka haraka kuliko misuli inavyolitengeneza. Vidole vinakufa ganzi, mtu anashindwa kufungua kapaketi ka sukari. Na mkimbiaji bingwa ni mtu mwembamba sana, hana akiba ya mafuta ya kumkinga. Ule wembamba unaomfaa siku nzuri unamgeukia siku ile. Sasa huyo, akitetemeka mpaka meno yanagongana, tunamwambia alikosa moyo?

Halafu Kawauchi mwenyewe. Wasimulizi wanamuweka kama mtu wa kawaida aliyeamka tu na imani. Kumbe tarehe 1 Januari ya mwaka ule ule alikuwa palepale Massachusetts, mji wa Marshfield, akikimbia marathon nzima katika baridi ya kama nyuzi 17 chini ya sifuri, na alimaliza kwa 2:18:59. Ni mtu wa kukimbia marathon nyingi ndani ya mwaka mmoja, wakati wenzake wa kulipwa wanachagua mbili hivi. Baada ya Boston alisema wazi kwamba hali ile ilimfaa. Sisi wa agronomia tuna jina la jambo hili, tulilitolea jasho kwenye mitihani: mbegu na mazingira vinafanya kazi pamoja. Maharagwe ya kupanda miti yanayokupa mavuno mazuri kule juu mlimani, yashushe bondeni kwenye joto uone. Hakuna anayesema maharagwe yamekosa nia. Tunasema: mbegu hii si ya hapa, au si ya msimu huu.

Kuna na kitu kibaya kidogo katika zile video: kule kusema Wakenya walishindwa sababu ni «watu wa jua». Geoffrey Kirui, bingwa wa 2017, alikuwa mbele hadi kilomita za mwisho, akapitwa, na bado akamaliza wa pili. Na Iten, mahali ambapo wakimbiaji wengi wa Kenya wanafanyia mazoezi, iko kwenye mita kama 2,400. Asubuhi ya pale si ya jua. Sisi wa milima ya Kivu tungekuwa wa kwanza kukataa maneno hayo.

Linden ndiye ananifurahisha zaidi. Alieleza baadaye kwamba mapema katika mbio alikuwa anawaza kuacha. Mwenzake Shalane Flanagan aliposimama kwenda chooni, Linden alipunguza mwendo akamngojea, sababu aliona siku yake imeshaharibika, basi afadhali amsaidie mwingine. Ni huyo aliyeshinda. Jaribu kuandika hiyo kwa herufi kubwa juu ya picha!

Sitafichi kwamba Sellers ananisumbua katika hoja yangu. Aliishi na kufanya mazoezi Arizona, jimbo la jangwa, na bado akawa wa pili. Hapo mbegu yangu na mazingira yake havikubaliani vizuri, nakiri. Basi nguvu ya mtu ipo. Ninachokataa ni kuifanya iwe maelezo yote.

Na kuna hesabu ambayo hizo video hazigusi. Wakati mabingwa wanaacha, zaidi ya watu 9 kati ya 10 walioanza mbio ile walifika mwisho, zaidi ya watu 25,000. Walikuwa na moyo kuliko mabingwa? Wengine walivaa makoti ya mvua na mifuko ya plastiki juu ya nguo. Tena bingwa akiacha leo, anaweza kutafuta mbio nyingine kabla mwili haujachoka. Mtu wa kawaida alikuwa na hiyo moja tu, na aliitayarisha majira ya baridi yote. Mwaka ule New England ilipigwa na dhoruba nne kubwa mwezi wa tatu peke yake.

Haya nayajua kwa yaya yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Maine, kaskazini ya Boston. Anafanya kazi ya usiku kwenye depo. Alianza kukimbia ili asipotee mu mawazo, na alijiandikisha kwa nusu marathon ya mwezi wa tatu. Programu aliyoipata ilisema Jumamosi fulani ni kilomita 18. Usiku mvua ilinyesha ikaganda barabarani. Asubuhi miye mwenyewe, mdogo wake, nikiwa nimekaa hapa na chai yangu, nilimtumia ile video ya moyo. Akatoka. Aliteleza kabla ya kilomita ya pili, akavunjika mkono. Wiki sita bila kubeba mizigo, na kule asiyebeba halipwi. Feza ya shule ya watoto wake walioko huku ilichelewa.

Hakunilaumu. Alisema tu: «Mdogo, huku barafu haionekani, inafanana na barabara.»

Tangu siku ile ninasikia vibaya mtu anaposema mkulima wa Kabare au Walungu «hana mwamko» kwa sababu alipanda mwezi wa tisa na mvua ikaja mwezi wa kumi. Kalenda ilisema panda, akapanda. Tulipomaliza lisansi wengi wetu tulikwenda vijijini na kalenda hizo mu mfuko, na mbegu zilipooza tuliandika kwenye ripoti kwamba wakulima hawakufuata mashauri. Miye niliandika hivyo mara mbili.

Yaya amejiandikisha tena mwaka huu. Juzi alinitumia picha ya karatasi aliyobandika ukutani. Kila Jumamosi ina mistari miwili: mmoja wa kilomita, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, «kama kuna barafu: ngazi za nyumba, dakika 40». Jumamosi nne za Januari, tatu zimewekewa alama kwenye mstari mwekundu.