Ukumbusho Ukutani

Wapo wataalamu wasemao kwamba mwandishi wa historia ya sanaa hana budi kuuweka moyo wake kando, apime mistari, rangi na tarehe tu. Mimi siafikiani nao, na shahidi wangu ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi.

Alizaliwa mwaka 1947. Mnamo 1973 na 1974, Kongo ilipokuwa ikiitwa Zaire, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zipatazo mia moja, akimsimulia kwa Kiswahili historia ya nchi yake. Alichora juu ya magunia ya unga. Wenyeji walionunua picha za namna hii na kuzitundika sebuleni walikuwa na neno lao: ukumbusho.

Itazame, msomaji, picha yake ya kifo cha Patrice Lumumba. Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito, wamelala chini. Nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Mpima mistari atasema kwamba tukio halikuwa hivyo. Ni kweli. Watatu hao walipigwa risasi porini usiku wa tarehe 17 Januari 1961, wala hapakuwa na msalaba. Lakini baadaye miili yao ilifukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi, pasiwe na kaburi. Nauliza basi: walionyimwa kaburi walilie wapi? Tshibumba aliwapa mahali. Misalaba ile hakuitoa kichwani mwake peke yake. Ilikuwa lugha ya msiba ambayo majirani zake waliifahamu. Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2002, na jino la Lumumba likarudishwa mwaka 2022. Picha ilikwisha kuyatangulia yote hayo.

Sisemi kwamba uchungu peke yake watosha. Mwenye uchungu asiyeshiriki kumbukumbu ya wenzake hupiga kelele tu. Na kumbukumbu isiyo na uchungu huwa orodha ya tarehe. Picha hii imeyashika yote mawili, na kwa hiyo nasema ni kubwa.

Leo picha alizomchorea Fabian zimo katika jumba la makumbusho huko Amsterdam. Zimesalimika, nami nashukuru. Lakini makumbusho na ukumbusho, ingawa mzizi wake ni mmoja, si kitu kimoja. Makumbusho hukinga picha na nondo. Ukumbusho hutaka mfiwa aketi mbele yake.