Ufundi wa Kujua Wakati wa Kunyamaza

Upo ufundi katika muziki wa leo ambao hausikiki ndani ya wimbo wowote, na wapenzi wengi wa muziki hawajui hata kama upo. Ni ufundi wa kuichukua programu ya studio iliyotengenezwa kwa ajili ya macho peke yake na kuifanya imtii prodyuza asiyeona. Anayeutazama kwa mbali hudhani kazi yote ni kuipa kompyuta sauti ili isome yaliyoandikwa kwenye skrini. Naona sivyo. Sauti kompyuta inayo tangu zamani. Ufundi wenyewe ni kuamua iseme nini, iseme lini na, zaidi ya yote, inyamaze wakati gani. Mwandishi wa barua asiyeona anaweza kuiacha kompyuta izungumze mfululizo bila kuharibikiwa na chochote. Prodyuza hawezi, kwa sababu masikio anayopimia besi na ngoma ndiyo hayo hayo anayosikilizia maelekezo ya mashine. Kila neno la ziada linaangukia juu ya muziki wenyewe.

Kisoma-skrini, iwe ni JAWS, VoiceOver au NVDA ambayo Michael Curran aliianza Australia mwaka 2006, hakitazami skrini kama jicho linavyotazama. Kinauliza: hapa pana nini? Kitufe cha kawaida kinajibu mambo matatu, yaani jina lake, aina yake na hali yake, na mtu anasikia kwamba yupo kwenye kitufe cha kurekodi na kwamba kimezimwa. Sasa watengenezaji wengi wa programu za muziki hawakutumia vitufe vya kawaida. Walichora vyao: vifundo vya sauti vinavyong'aa kama chuma, mita zenye sindano, vitelezi vilivyofanana na vya mixer za zamani. Kwa macho ni kazi nzuri. Kwa kisoma-skrini ni picha moja tupu isiyojibu swali lolote, na mtumiaji husikia jina la dirisha, kisha basi.

Mafundi wa kwanza walizunguka tatizo hilo kwa subira kubwa. Dancing Dots, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Bill McCann, mwanamuziki na mwandishi wa programu ambaye mwenyewe haoni, ilitengeneza CakeTalking, yaani maelekezo ya ziada yaliyoiwezesha JAWS kuielewa programu ya kurekodi muziki ya Cakewalk. Wengine walihifadhi mahali pa kila kitufe kwenye skrini kwa vipimo, hatua kadhaa kutoka kushoto na kadhaa kutoka juu, wakakipa jina, ili kompyuta ikabofye pale pale ikiamriwa. Njia hii inafanya kazi mpaka siku kampuni itakapotoa toleo jipya na kusogeza kitufe kidogo tu. Siku hiyo kubofya kunaangukia pengine, na prodyuza anaweza kufuta kitu badala ya kukihifadhi bila kujua. Nawaheshimu waliofanya hivyo, maana hawakuwa na mlango mwingine.

Mlango ulipatikana kwenye REAPER, programu ya kampuni ya Cockos ya Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp. REAPER inaruhusu watu wa nje kuiandikia nyongeza zinazozungumza nayo kutoka ndani, bila kupitia picha za kwenye skrini. James Teh, mmoja wa waliojenga NVDA, naye akiwa haoni, akaanzisha nyongeza ya bure iitwayo OSARA. Tazama inavyofanya kazi. Mtu anabonyeza mshale wa chini, anatajiwa namba ya treki na jina lake. Ikiwa treki imezimwa sauti, ataambiwa. Ikiwa haijazimwa, hataambiwa kwamba haijazimwa. Anasogea ndani ya wimbo kutoka pigo la kwanza la kipimo cha 12 kwenda pigo la pili: OSARA inataja pigo tu, haitaji kipimo, kwa kuwa kipimo hakijabadilika. Akivuka kwenda kipimo cha 13, hapo ndipo kipimo kinapotajwa. Anayetaka kila kitu kisemwe kikamilifu yupo, naye ana pa kuchagulia hivyo. Kuna pia kipengele cha kulinda viwango vya sauti. Mwenye macho hutupia jicho mita ikipanda kwenye wekundu, lakini kuisoma mita kwa maneno kila sekunde kungekuwa wazimu. Kwa hiyo mtu anaweka kiwango chake mwenyewe, kompyuta inakaa kimya dakika nzima ya wimbo, na inafungua mdomo pale tu sauti inapovuka kiwango hicho.

Mambo hayo matatu yanaonekana madogo. Kwangu ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Hayakutokana na sheria ya kompyuta wala kanuni ya muziki. Yalitokana na mtu aliyejiuliza mwenzake anayefanya kazi anahitaji kujua nini sasa hivi, na nini tayari anakijua. Mkalimani hodari naye hafasiri kikohozi cha msemaji.

Ustadi mwingine wa OSARA ni namna inavyozifikia plagini, zile kompresa, ikwalaiza na sinthesaiza zilizochorwa kwa rangi na kung'arishwa. Chini ya mchoro kuna kitu ambacho mchoraji hakuweza kukificha. Mfumo wa VST, ambao kampuni ya Steinberg iliutoa mwaka 1996, unaitaka plagini iiambie programu mama majina ya vidhibiti vyake na viwango vyake, ili viweze kubadilishwa wimbo ukiwa unapigwa. OSARA inaichukua orodha hiyo na kuiweka kwenye dirisha la kawaida linalosomeka. Uso wa plagini unabaki picha bubu, lakini mwili wake umeshikika. Hata hivyo orodha hiyo si dawa ya yote: plagini nyingine ina vidhibiti mamia vilivyopangwa ovyo, na kidhibiti kilichopewa namba badala ya jina hakimsaidii mtu.

Wapo wanaouliza kwa nini wasioona wasitengenezewe programu yao wenyewe, nyepesi, ya maneno matupu. Swali ni la haki, ila linasahau kwamba muziki haufanywi na mtu mmoja. Prodyuza anapokea faili kutoka studio nyingine, anarekebisha, anairudisha. Akiwa na programu ya peke yake amejengewa chumba kizuri kisicho na mlango wa kutokea. Tena programu ya watu wachache hufa mara mtengenezaji wake anapochoka, ilhali REAPER iliyo na OSARA ni ile ile anayoitumia jirani anayeona.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kazi ya kujitolea inawapa kampuni kisingizio. Kwa nini mtu afanye bure usiku jambo ambalo kampuni yenye fedha ilipaswa kulifanya mchana? Nakubali kabisa kwamba wajibu ni wa kampuni, na Stevie Wonder alidai mbele ya dunia, kwenye jukwaa la Grammy mwaka 2016, kwamba kila kitu kifikiwe na kila mwenye ulemavu, akiwa na jina la mshindi mkononi kwa nukta nundu. Lakini historia haionyeshi kwamba kazi ya kujitolea iliwalaza wenye kampuni. Slau Halatyn, prodyuza asiyeona wa New York, aliifuatilia kwa miaka kampuni inayotengeneza Pro Tools mpaka programu hiyo ikaanza kusomeka kwa VoiceOver. Mwaka 2021, JUCE, ambayo ni msingi wa plagini nyingi, ilitoa toleo la 6.1 lenye uwezo wa kujibu visoma-skrini. Ableton Live nayo ilianza kusomeka katika toleo la 12, mwaka 2024. Sidai kwamba OSARA peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Nasema tu kwamba baada ya watu wachache kuonyesha kazi hii inawezekana, kusema haiwezekani hakukubaliki tena.

Na sasa wapo wanaosema akili mnemba itausoma mchoro wowote, kwa hiyo ufundi huu umepitwa. Itausoma, sina shaka. Lakini kusoma kilichopo kwenye skrini ni lile jambo rahisi nililoanza nalo. Mashine inayoeleza dirisha zima kwa aya tatu wakati mwimbaji yuko mbele ya maikrofoni haijamsaidia prodyuza, imemkatiza. Itakapofundishwa kunyamaza, itafundishwa na watu wa aina ya hawa, kwa maamuzi ambayo tayari wameyafanya, moja baada ya jingine.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili liko karibu kuliko tunavyodhani. Leseni ya JAWS imekuwa ikiuzwa karibu dola 1,000, bei ambayo kijana aliyetoka shule ya wasioona hawezi kuiota. NVDA ni bure, na sauti ya eSpeak inayokuja nayo inasoma Kiswahili, japo kwa lafudhi kavu ya mashine. OSARA ni bure. REAPER unaijaribu siku 60 bila malipo, kisha leseni ya bei ya punguzo ni dola 60. Mwenye studio Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, na wewe mwandishi wa programu unayechora vitufe vyako mwenyewe, ziweke NVDA, OSARA na REAPER kwenye kompyuta moja, zima skrini, weka kipanya pembeni, ujaribu kurekodi treki moja mpaka mwisho. Kisha mwite prodyuza asiyeona, mpe kiti, na usikilize anachokuambia kibadilishwe.