Matundu Manane Ukutani

Jamani, boksi nimelifungua saa moja jioni, na saa nne usiku nilikuwa bado nimesimama koridoni naitazama! Ni swichi ya mtandao ya TP-Link, TL-SG108E: matundu manane, yote ya gigabiti, mwili wa chuma, haina feni. Sogeza sikio mpaka liguse chuma: kimya kabisa.

Nyumba yetu hapa Dar es Salaam ni ya tofali za saruji, na Wi-Fi ya sebuleni hufika chumba cha tatu ikiwa hoi. Ndiyo maana tulipitisha nyaya kwenye mabomba ya ukutani kabla ya kupiga plasta. Nikazihesabu zinapokutana, kwenye korido: televisheni, meza ya kazi, chumba cha watoto, kamera ya getini, Wi-Fi ya juu na chumba cha uani. Sita. Wa saba unatoka kwenye ruta. Swichi ya matundu matano ingenikwamisha siku ileile; hii imeniachia tundu moja. Hesabu nyaya zako kwanza, ndipo uende dukani! Na kama unataka kamera zipate umeme kupitia waya huohuo wa mtandao, chukua TL-SG108PE, yenye matundu manne yanayotoa umeme. Hii yangu haitoi, kwa hiyo kamera yangu ina adapta yake.

Kuifunga ni raha tupu. Ina urefu wa milimita 158, upana 101 na unene 25, na mgongoni ina matundu mawili ya kuning'inizia. Niliweka karatasi juu ya mgongo, nikasugua penseli mpaka alama za matundu zikatokea, nikaibandika karatasi ukutani na kutoboa palepale penye alama. Plagi mbili za plastiki, skrubu mbili zilizoachwa zikichungulia kidogo, swichi ikaingia na kushuka: tik! Sehemu za waya nimezielekeza chini ili vumbi lisitue ndani, na pande zote nimeacha nafasi ya hewa. Ukiifungia kwenye kikabati kisichopitisha hewa, kwa joto letu la pwani, utakuwa unaionea.

Sasa sikia kilichonipa wazimu wa furaha. Chumba cha uani kilikuwa kinapata megabiti 100 tu kwa sekunde badala ya 1,000. Nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, nikabonyeza kipimo cha waya. Ikaniambia waya una kasoro, tena ikanipa na umbali: mita 17. Na urefu wa waya ule ni mita 17! Maana yake kasoro iko kwenye kichwa cha mwisho, si ndani ya ukuta. Nikakikagua: uzi wa kahawia haukufika mwisho wa plagi. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu za nyuzi, kwa hiyo ilipita bila shida. Gigabiti inazitaka zote nne. Nikakata, nikapanga rangi upya, nikabana kichwa kipya. Gigabiti! Faili la gigabaiti 4 likavuka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa sekunde zisizofika 40. Hakuna ukuta uliobomolewa, hakuna fundi aliyeitwa.

Bado kuna kuugawa mtandao kwa VLAN, hadi 32 kwa pamoja, kamera ya getini ikae peke yake mbali na kompyuta za familia. Kuna na kinga ya mzunguko: mtoto akichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi, nyumba nzima haipotezi mtandao. Badilisha tu nywila ya kuingilia mara unapoiwasha.

Tundu la nane liko wazi, na veranda inaliomba. Kesho nakwenda Kariakoo kuchukua mita 20 za Cat6 ya shaba tupu, na kisu kidogo mfukoni. Nitaukwangua uzi mmoja hapohapo kaunta. Weupe ukitokea chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nahamia duka la pili.