Kujua Jina la Usemi Si Kujua Kazi Yake

Katika masomo ya Kiingereza kuko ukurasa mmoja ambao wanafunzi wengi wanauogopa: ule wa majina ya semi. Metafora, ironia, hiperboli, sinekdoki... Mwanafunzi anayaandika katika kaye, anayashika kwa kichwa, na kiisha mtihani anayasahau. Siku moja mmoja aliniambia: «Lakini Mwalimu, majina yote niko nayajua!» Na kweli aliyajua. Nilipomwuliza ironia inafanya kazi gani katika hotuba ya Antony, akanyamaza.

Basi tuitazame hotuba hiyo. Shakespeare aliandika mchezo wa Julius Caesar karibu mwaka 1599, na Julius Nyerere akautafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Caesar amekwisha kuuawa. Brutus anamruhusu Antony aseme kwenye maziko, lakini kwa sharti: asiwalaumu wauaji. Antony anashika sharti kwa mdomo tu. Anawaita watu wa heshima, anarudilia tena na tena, na kando ya neno hilo anaweka matendo mema ya Caesar. Mwishoni «heshima» imegeuka tusi, na watu wanatoka kwenda kuchoma nyumba.

Kusema «hii ni ironia» ni nusu ya jibu. Jibu zima ni kwamba ironia ilimpa Antony njia ya kulaumu mahali ambapo kulaumu kulikatazwa. Wazee wetu wanaosema kwa mafumbo wanaijua sana njia hiyo, hata kama hawakusoma jina lake.

Ni vivyo hivyo kwa sinekdoki, ni kusema kutaja sehemu ili kumaanisha kitu kizima. Mwingereza anasema «mikono» akimaanisha wafanyakazi. Na sisi tunasema: mkono mmoja haulei mwana. Mtoto wa kwetu anaitumia sinekdoki kabla hajaanza masomo, kiisha shuleni anaambiwa ni kitu kigumu cha wageni!

Tena majina haya si ya Waingereza tangu mwanzo. Mengi yalitoka kwa Wagiriki, yakapitia Kilatini. Mwaka 1589 kilitoka London kitabu juu ya ushairi, ambacho wataalamu wengi wanasema ni cha George Puttenham. Yeye aliona Waingereza wenzake wanashindwa na Kigiriki, akayapa majina hayo sura ya nyumbani: ironia akaiita dhihaka kavu, na hiperboli mwongo wa sauti kubwa. Nasi tunazo sitiari, tashbihi na kinaya. Hata hayo yalitoka katika Kiarabu. Kuazima jina si haya. Haya ni kuliazima bila kujua matumizi yake.

Kwetu Kongo kuna mtego mwingine, maana tunafika kwenye Kiingereza kupitia Kifaransa. Maneno yanafanana sura, maana inaachana. «Nouvelle» ya Kifaransa ni hadithi fupi. «Novel» ya Kiingereza ni riwaya. «Vers» ni mstari mmoja. «Verse» mara nyingi ni ushairi kwa jumla ao ubeti. Anayechanganya hayo anaweza kupoteza alama hata kama kitabu alikisoma vizuri.

Vipimo pia vinatofautiana. Mstari mkubwa wa Kifaransa unahesabu silabi 12. Shairi la Kiswahili mara nyingi lina mizani 16 kwa mstari, 8 na 8. Lakini mstari ambao Shakespeare alipenda hauhesabiwi kwa silabi peke yake: una mapigo 5 ya sauti, na kila pigo linatanguliwa na silabi nyepesi. Anayehesabu kwa vidole tu atapata silabi 10, lakini mdundo hatausikia. Vilevile, anayelipima shairi letu kwa mapigo ya Kiingereza atasema halina mpango, kumbe kipimo alichochukua ndicho si chake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu: mbele ya kuuliza «huu unaitwaje?», tuulize maswali matatu. Msemaji amesema nini? Msikilizaji ameelewa nini? Na kwa nini hakusema moja kwa moja? Mtoto akijibu hayo kwanza juu ya methali ya bibi yake, kiisha juu ya Shakespeare, jina la Kigiriki atalishika bila kuogopa. Na methali ya bibi hataidharau tena.