Ngui Kashika Gitaa: "Katelina" na Suala la Ukale katika Nyimbo za Bendi za Ukambani

Mnamo 1969 bendi ya Uingereza, Fairport Convention, ilitoa albamu ya Liege & Lief, ambamo tungo za kale kama "Tam Lin" na "Matty Groves" zilipigiwa magitaa ya umeme. Mpiga besi wao, Ashley Hutchings, alizichimbua nyimbo katika maktaba ya Cecil Sharp House, London. Ukale ulikuwa katika matini, upya katika ala.

Wapo wahakiki wanaokwenda Kitui na Makueni na kigezo hicho hicho. Huuliza iwapo wimbo wa bendi una maneno ya wahenga. Wakiyakosa, huutoa katika fasihi simulizi na kuuita muziki wa baa. Makala haya yanadai kuwa swali lenyewe limekosewa.

Tuchukue "Katelina" ya Kalambya Sisters, walioimba katika miaka ya 1980 wakipigiwa ala na Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki. Ni kisa cha kuchekesha cha msichana apendaye uki, pombe ya kienyeji, na apataye mimba mwaka hata mwaka. Kisa hiki si cha kale. Kilicho cha kale ni mwenendo: ngui, mtunzi wa nyimbo za ngoma za Wakamba, alikuwa na idhini ya kumsuta mkosaji hadharani huku watu wakicheza. Matty Groves hakuwa jirani wa yeyote aliyenunua santuri ile ya 1969. Katelina, kwa msikilizaji wa Makueni, angeweza kuwa binti wa nyumba ya pili.

Hapa ndipo unukuzi wa maneno matupu unapotupotosha. Karatasini wimbo huu ni onyo, na mtahini huridhika na jibu la "dhamira: ubaya wa ulevi". Masikioni mambo ni mengine. Wanaosuta ni wanawake, kwa sauti nyembamba za juu zinazokwenda pamoja, zenye deko kama za paka, na gitaa halina huzuni hata chembe. Je, wanamsuta Katelina, au wanamwonea gere? Nasikia yote mawili, wala sioni sababu ya kuchagua. (Hukumu inayomtoa msikilizaji kitini akacheze ni hukumu ya namna gani?) Kwa hiyo swali lolote la mtihani kuhusu wimbo huu sharti liandamane na sauti yake iliyorekodiwa.