Dua Iliyovuka Bahari: Uhakiki wa "Mungu Ibariki Afrika" katika Muktadha wa Unguja

1.0 Utangulizi

Nyimbo za Kikristo zinazopendwa aghalabu huandamana na kisa cha kutungwa kwake. Kisa hicho husimuliwa kana kwamba ndicho maana yenyewe: ukishamjua mtunzi na dhiki zake, umeuelewa wimbo. Makala haya yanaupima mkabala huo kwa kuhakiki wimbo ambao watoto wengi wa Tanzania huujua kabla hawajajua kusoma, yaani "Mungu Ibariki Afrika". Wimbo huu ulizaliwa katika shule ya Wamethodisti nchini Afrika Kusini, na leo huimbwa Unguja, kisiwa ambacho wakazi wake walio wengi ni Waislamu. Maswali yanayoulizwa ni mawili: ni nini kilichouwezesha kuvuka kutoka kanisani hadi huko, na kuvuka huko kuliugharimu nini? Hoja ya makala ni kwamba wimbo umebaki kuwa dua, ila ni dua iliyovuliwa alama za kanisa. Na ni Unguja, kuliko Bara, ambako faida na gharama ya kuvuliwa huko huonekana waziwazi.

2.0 Mtunzi na Kisa Chake

Enoch Mankayi Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga, kwa Kixhosa, ubeti wa kwanza na kiitikio pamoja na sauti yake, ili wanafunzi wake wauimbe. Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji. Sontonga alifariki dunia mwaka 1905, akiwa bado kijana. Hakuwahi kuusikia ukiimbwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912, katika mkutano ulioasisi chama kilichokuja kuitwa ANC, wala hakuziona beti 7 ambazo mshairi Samuel Mqhayi aliziongeza mwaka 1927. Kaburi lake lililoko Braamfontein lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996.

Masimulizi yaliyozoeleka humchora Sontonga kama mtabiri wa ukombozi wa bara zima. Picha hiyo inavutia, lakini inampa mtunzi kazi iliyofanywa na waimbaji. Matini ya mwaka 1897 ilikuwa sala ya wanafunzi. Haikumtaja mtawala wala haikudai haki. Dhamira ya ukombozi iliingia kupitia utendaji, pale sala ileile ilipoimbwa na watu waliokutana kudai haki zao. Wahakiki wa fasihi simulizi wanalifahamu jambo hili vizuri: matini hubeba uwezekano wa maana, lakini hadhira na tukio ndivyo huuchagua.

3.0 Kutoka "Nkosi" hadi "Mungu"

Katika Kixhosa, anayeombwa huitwa "Nkosi", yaani Bwana. Iwapo Kiswahili kingetumia "Bwana", wimbo ungeelemea upande wa kanisa, kwa kuwa mwito huo katika sala una mazoea ya Kikristo. Kiswahili kilitumia "Mungu". Neno hili lilikuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani kabla Askofu Edward Steere hajaanza kazi yake ya kutafsiri Unguja katika karne ya 19, na wamisionari walilikuta likitumika. Kwa hiyo msikilizaji wa Malindi na yule wa Mkunazini wanaweza kuitikia mwito mmoja bila yeyote kati yao kuazima neno la mwenzake.

Badiliko la pili ni la kuondoa. Kiitikio cha Kixhosa humwalika Roho ashuke, na katika ibada ya Kimethodisti huyo ni Roho Mtakatifu. Matini ya Kiswahili haina mwaliko huo. Kwa mwimbaji Mkristo pengo hilo huenda lisionekane. Kwa mwimbaji Mwislamu linaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuimba na kunyamaza.

Badiliko la tatu ni la taswira. Sontonga aliomba pembe ya Afrika iinuliwe, taswira ya Zaburi inayoashiria heshima na nguvu. Unguja ingeweza kuielewa taswira hiyo kwa njia yake, kwani siwa, pembe ya kupulizwa, ilikuwa alama ya mamlaka ya Mwinyi Mkuu. Hata hivyo, matini ya Kiswahili iliweka ngao mahali ambapo pembe ingetarajiwa. Pembe hutangaza ukuu, ngao hukinga. Ngao hiyohiyo imo katikati ya nembo ya taifa, na maneno ya kaulimbiu ya nembo hiyo, "Uhuru na Umoja", yanajitokeza pia katika ubeti wa pili. Hivyo, wakati wimbo ukitoka kanisani, ulikuwa ukiingia katika msamiati wa dola.

Msamiati huo nao una asili yake. Kubariki, hekima, amani na uhuru ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyozoeleka pwani kabla ya siasa za karne ya 20. Neno "uhuru" hasa lina uzito wa pekee Unguja. Kwa muda mrefu, aliyekuwa huru ni yule asiyekuwa mtumwa. Soko la watumwa la Mji Mkongwe lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu la Kianglikana likajengwa mahali hapo, Mkunazini. Amri ya kuufuta utumwa kisheria ilitolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed Aprili 1897. Kwamba mwaka huo ndio aliotunga Sontonga ni sadfa, na haifai kugeuzwa ishara. Muhimu ni kwamba mwimbaji wa Unguja anapoomba uhuru udumishwe, anatumia neno ambalo kisiwani kwake lilihusu miili ya watu kabla ya kuhusu bendera.

4.0 Gharama ya Kuvuka

Maneno yalitafsiriwa, muziki haukutafsiriwa. Ulinganifu wa sauti nne bado ni wa kwaya ya Kimethodisti, na uko mbali na kasida na taarabu. Kanisa lililoondolewa katika maneno limebaki katika sauti.

Gharama nyingine ni ya kutajwa. Mwaka 1961 ubeti wa pili uliiombea Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikafanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na ikaungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964. Baada ya Muungano, jina "Tanganyika" lilibadilishwa kuwa "Tanzania". Visiwa viliingia katika wimbo kwa neno moja, ndani ya dua iliyokwisha tungwa.

Kwa sababu hiyo, wimbo wa Zanzibar yenyewe, "Mungu Ametubarikia", unastahili kusomwa sambamba na huu, hata kwa kutazama vitenzi vya majina yake tu. "Ibariki" ni ombi, na kiambishi cha yambwa "i-" kinarejelea nchi au bara. Katika "ametubarikia", kiambishi "-me-" kinaonesha jambo lililokwisha timia, "-tu-" kinawaleta watu wenyewe, na mnyambuliko wa kutendea unaonesha kuwa baraka imetolewa kwa ajili yao. Wimbo wa kwanza unaomba; wa pili unashukuru. Anayeombwa na anayeshukuriwa anaitwa kwa jina lilelile. Usomaji unaoziona nyimbo hizi kama wapinzani unapuuza ukweli huo. Usomaji unaoziona kuwa kitu kimoja unapuuza "-tu-".

5.0 Hitimisho

Kisa cha Sontonga kinaeleza dua ilikoanzia, lakini hakielezi namna ilivyopokelewa Unguja. Kwa upande mwingine, kulificha kanisa lake ili wimbo uonekane kuwa wa wote si lazima, kwa sababu matini ya Kiswahili imekwisha kujenga mahali ambapo Mwislamu na Mkristo wanaweza kuomba pamoja. Mwalimu wa Unguja anaweza kulitaja jina la Sontonga, shule yake na imani yake, kisha akawaonesha wanafunzi yale yaliyobadilishwa na yale yaliyobaki. Tafiti zijazo zinaweza kuchunguza utendaji wa wimbo huu katika shule za Unguja na Pemba, hususani namna waimbaji wenyewe wanavyoifasiri dua wanayoiimba.